Jeshi la majirani hufungua njia, halimalizi ugomvi

Kila mara jeshi la kikanda linapotajwa, sisi watu wa mashariki mwa Congo tunauliza: watakuja lini, na je, watapigana? Naona kuna swali kubwa zaidi: wakiondoka wataacha nini? Tutazame Komoro.

Kanali Mohamed Bacar alijitangaza mshindi wa uchaguzi wa kisiwa cha Anjouan mwaka 2007. Umoja wa Afrika uliukataa uchaguzi huo, naye akagoma kutoka. Tarehe 25 mwezi wa tatu 2008, wanajeshi wa Tanzania na Sudan walitua kisiwani pamoja na wenzao wa Komoro, na siku hiyohiyo wakashika mji wa Mutsamudu. Bacar alikimbilia Mayotte. Mwezi wa sita raia walipiga kura, wakamchagua Moussa Toybou kuongoza kisiwa.

Hiyo ilikuwa kazi iliyofanyika vizuri. Lakini ugomvi wenyewe, yaani visiwa vigawane vipi madaraka, ulibaki. Katiba ya 2001 ilitaka urais wa nchi uende kwa zamu. Mwaka 2018 kura ya maoni ilimruhusu rais kuongoza mihula miwili mfululizo, na Anjouan, iliyokuwa ikingoja zamu yake 2021, ikaona imerukwa. Mwezi wa kumi risasi zililia tena Mutsamudu.

Wengine watasema Anjouan ni kisiwa kidogo, hakina koltani wala mipaka mirefu kama yetu. Ni kweli. Basi kama kisiwa kidogo hivyo hakikutulizwa na bunduki peke yake, Kivu itatulizwa vipi?

Sisi wenyewe tumeyaona. Mwaka 2013 Watanzania, pamoja na wanajeshi wa Afrika Kusini na Malawi, walisaidia FARDC kuishinda M23. Mwisho wa 2021 M23 ilirudi kwenye vita, na Januari 2025 ikaingia Goma. Machi mwaka huohuo, SADC ikaamua kuondoa kikosi chake.

Siwalaumu wanajeshi hao. Wengine walikufa kwetu, mbali na watoto wao. Ila ndugu zangu mliokimbia Masisi na Rutshuru, mnapokutana na wakubwa msiulize tu jeshi gani linakuja. Ulizeni nani atalinda kijiji likishaondoka, nani atawarudishia mashamba yenu yaliyokaliwa na wengine, na nani anawasemea kwenye mazungumzo. Wasipokuwa na jibu, hata jeshi lije na vifaru, mtakimbia tena.