Kabla ya Marumaru, Tuitazame Sakafu ya Bafu



Kila inapokaribia Ramadhani, au binti wa nyumba anapoposwa, familia nyingi hapa Morogoro huanza kukarabati nyumba, na mara nyingi kazi huanzia bafuni. Marumaru hununuliwa, fundi huitwa, na baada ya siku chache bafu linang'aa. Masika yakipita, ufa mwembamba hutokea karibu na tundu la maji. Kisha kipande kimoja huchezacheza, na maji hutuama pembeni. Lawama humwangukia fundi au muuza marumaru, ilhali ubovu uko chini, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Katika Surat At-Tawba, aya ya 108 inawataja kwa sifa watu wapendao kujitwaharisha, na aya inayofuata inapiga mfano wa jengo lililowekwa kwenye ukingo unaomomonyoka. Makusudio ya aya hizo ni makubwa kuliko bafu letu. Hata hivyo, sisi tunaoishi chini ya Uluguru tunauona mfano huo kwa macho.

Zitazameni nyumba zilizopanda mlima kule Bigwa, Kilakala na Mlimani. Mjenzi hukata udongo upande wa juu wa kiwanja na kuumwaga upande wa chini, ili apate mahali pa sawa. Hivyo sehemu moja ya nyumba hukaa juu ya udongo wa asili, na nyingine juu ya kifusi. Na kwa kuwa maji taka hufuata mteremko, bafu na choo aghalabu huwekwa upande wa chini. Chumba chenye maji mengi kuliko vyote kikapewa ardhi dhaifu kuliko zote. Kifusi kisiposhindiliwa hutitia polepole. Bomba likivuja, maji huondoka na udongo, na jamvi hubaki likining'inia juu ya uwazi. Marumaru haibebi jamvi. Jamvi ndilo libebalo marumaru.

Kulitambua tatizo si kazi ngumu. Gongagongeni sakafu kwa mpini wa nyundo. Kipande kimoja kikitoa mlio wa utupu, huenda ni gundi tu iliyoachia. Lakini mlio ukienea, na ufa ukakatiza vipande kadhaa, au sakafu ikaachana na ukuta, basi jamvi lenyewe limekosa tegemeo. Kubandika marumaru mpya juu yake ni kuficha maradhi. Na kama ukuta wa nyumba nao umepasuka, aitwe mhandisi kabla ya kuvunja chochote. Vivyo hivyo kwa bafu la ghorofani, kwani zege lake lina nondo zinazoibeba nyumba.

Kwa bafu lililo juu ya ardhi, kazi huanza kwa kutafuta maji yanakotoka. Bomba linalovuja na kiungo kilichoachia vitengenezwe kwanza. Kisha jamvi bovu livunjwe, na udongo laini uchimbuliwe hadi kufikia udongo mgumu. Shimo lijazwe moramu kwa tabaka la sentimita 15 hivi, linyunyiziwe maji na kushindiliwa, ndipo tabaka jingine lifuate. Juu yake yapangwe mawe, mianya izibwe kwa moramu laini, kisha itandikwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, lenye unene wa sentimita 10, humwagwa juu yake.

Ikiwa kifusi ni kirefu kiasi cha kutofikiwa mwisho wake, moramu pekee haitatosha. Hapo huhitajika jamvi lenye nondo, lililoegemea kuta za msingi mfano wa daraja, ili kifusi kikititia, sakafu isifuatane nacho. Ukubwa wa nondo na nafasi zake aamue mhandisi.

Zege limwagiliwe maji siku 7 kwa uchache. Ndipo lipigwe lipu ya sakafu yenye mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na juu yake dawa ya kuzuia maji, ikipanda kidogo ukutani. Ikikauka, tundu lizibwe, maji yajazwe, na alama ya penseli iwekwe ukutani. Baada ya saa 24, maji yakiwa palepale kwenye alama, marumaru iletwe. Nayo iwe ya kukwaruza, isiyoteleza.

Wakati sakafu iko wazi, tutazame pia mwelekeo wa choo. Qibla cha Morogoro ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo aliyeko mjini akiupa mlima mgongo huwa karibu amekielekea. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kuelekea au kukipa mgongo Qibla ndani ya majengo wakati wa haja, lakini kujiepusha ndiko salama zaidi, na nafasi ya kukigeuza choo bila gharama kubwa ni hii.

Kwa nini tusisitize sakafu isiyoonekana? Kwanza, kuna wazee wetu. Bibi anayeamka kabla ya alfajiri kutia udhu hukanyaga gizani, na kipande kilichoinuka chatosha kumvunja nyonga. Pili, kuna jirani aliye chini yetu. Mteremkoni, maji yanayopotea chini ya bafu letu hayapotei. Huibukia kwenye ukuta wake au kisima chake, nayo ni maji machafu. Fiqhi yetu inafundisha kwamba madhara huondolewa, wala haisemi yaondolewe pale tu jirani anapolalamika.

Tunajua fedha ni chache. Ndiyo maana tunashauri kwamba zisipotosha vyote viwili, jamvi litangulie na marumaru isubiri. Lipu nzuri iliyosawazishwa, yenye mwinamo sahihi, huoshwa, hukauka, na hutosha kwa udhu na josho. Mapatano na fundi yaandikwe: unene wa zege, siku za kumwagilia, na jaribio la maji kabla ya malipo ya mwisho. Nyumba yenye bafu moja ijipange mapema kwa wiki tatu hivi, na majirani wakiombwa kwa wema hawakosi kufungua mlango.

Wageni wa harusi wataisifu marumaru kwa siku moja. Watakaoishi juu ya jamvi ni watoto wetu, asubuhi na jioni, kwa miaka.

Wallahu a'lam.