Mkongwe Asiyemwonea Kijana Wivu
Sunil Gavaskar, nahodha wa zamani wa India, alikuwa wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika mechi za kriketi za Test, mwaka 1987. Wakati huohuo kijana wa Bombay aitwaye Sachin Tendulkar alikosa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Gavaskar alimwandikia barua ya kumtia moyo, akimkumbusha kwamba hata yeye hakuwahi kuipata tuzo hiyo. Akampa pia pedi zake nyepesi za kukinga miguu. Kijana akakua, na Desemba 2005, mjini Delhi, dhidi ya Sri Lanka, akaivunja rekodi ya Gavaskar mwenyewe: alipata kwa mara ya 35 mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja ya mechi ya Test. Gavaskar hakununa, miaka nenda miaka rudi amemsifu hadharani. Huo ndio ukubwa. Wako wastaafu wengi, viwanjani na maofisini, ambao chipukizi akiwapita humtafutia kasoro na kudai kwamba enzi zao ndizo zilikuwa enzi. Wakongwe wa michezo yetu, msingoje vijana wawe nyota ndipo muwapongeze. Washikeni mkono leo, wangali wanakosa tuzo.