Silabusi, mshahara wa mwalimu na ile orodha ya majina

Sesheni ya mitihani ikikaribia, sisi wachungaji wa Kpandroma tunajua ni simu gani zitatoka Bunia. Kijana hazungumzii tena minervali, kwa maana hiyo baba yake alikwisha kuuza mbuzi na magunia ya viazi akailipa. Anasema tu: "Mchungaji, bado silabusi." Silabusi ya somo moja huonekana pesa kidogo. Lakini masomo ya mwaka ni mengi, na ukijumlisha zote unakuta minervali ya pili ambayo hakuna mtu aliyekutangazia.

Kwa wasomaji walio nje ya Kongo nieleze kidogo: kwetu silabusi ni maandishi ya mwalimu mwenyewe, yaliyopigwa chapa na kutolewa fotokopi, na mara nyingi ndicho kitabu pekee cha somo. Shefu wa promosyo anakusanya pesa na kuandika majina ya walionunua. Kisha orodha inarudi kwa mwalimu. Wizara ya elimu ya juu imekwisha kukataza kumlazimisha mwanafunzi kununua, lakini orodha inaendelea kutembea, na kila mwanafunzi anajua ni nani atakayesahihisha mtihani.

Nilipokuwa katika masomo ya theolojia (shule sitaitaja), tulikuwa watatu kwa silabusi moja. Tuliisoma kwa zamu usiku, kwa mwanga wa tochi. Jina lililoandikwa lilikuwa moja tu, na mmoja wetu ambaye hakuandikwa alipata alama ya chini sana. Mpaka leo hatujui kama alishindwa na somo au alishindwa na dola.

Ni rahisi kuwalaumu walimu. Lakini nenda sekretaria yoyote ya mtaani, uliza bei ya fotokopi ya ukurasa mmoja, zidisha kwa kurasa za silabusi: mara nyingi utaona karatasi haielezi bei yote. Kinachobaki ni mshahara. Kuna maasistanti waliofundisha miaka mingi bila kuingizwa katika listi ya malipo ya Serikali, na katika vyuo vya makanisa mshahara huchelewa pia. Yakobo sura ya 5 inasema juu ya mshahara wa wafanyakazi uliozuiliwa, nasi viongozi wa kanisa tunaihubiri sura hiyo kana kwamba inawahusu matajiri wengine tu. Kukataza silabusi bila kumlipa mwalimu ni kumwambia atafute njia nyingine ya kumkamua mwanafunzi.

Shida imezidi kwa sababu mbili. Tangu Desemba 2017 vita vya Djugu vimemaliza ng'ombe na mashamba ya wazazi wengi, na barabara ya RN27 tunaipita kwa maombi. Tena, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mfumo wa LMD, ambao unamtaka mwanafunzi afanye sehemu kubwa ya kazi peke yake. Atafanyaje utafiti na maandishi ya mwalimu mmoja?

Wengine wametangulia. Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kilianzisha OpenStax mwaka 2012: vitabu vya chuo vinavyosomwa bure, na leseni yake inaruhusu kuvinakili. Vingi ni vya Kiingereza, na vijana wetu husoma Kifaransa. Lakini huko Quebec, Jean-Marie Tremblay alianza mwaka 1993 kukusanya Les Classiques des sciences sociales, maktaba ya bure ya Kifaransa. Na marehemu Florence Piron alijenga Éditions science et bien commun kwa kuwafikiria hasa wanafunzi wa Afrika na Haiti. Programu ya Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa katika kompyuta ndogo bila intaneti. Kijana anaifungua kwa simu yake bila kununua mega. Inahitaji paneli ya jua na mtu wa kuitunza. Asiye na simu ya kufaa atahitaji bado karatasi, kwa hiyo nakala chache za kila somo zikae maktaba.

Sisemi tuchukue kitabu cha mtu na kukipitisha kwenye mashine. Sheria ya nchi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi, na wizi wa kitabu unabaki wizi hata ukifanyika kanisani. Ninachopendekeza ni jumuiya zetu zenye vyuo zichange pamoja, zimlipe mwalimu mara moja kwa kuandika somo lake vizuri, kisha somo hilo liwe la wote, litolewe bure kwa fulashi. Somo la Agano Jipya au la uhasibu halibadiliki kwa kuvuka barabara kutoka chuo kimoja hadi kingine pale Bunia.

Hilo litachukua muda, maana vikao vyetu ninavijua. Lakini orodha ya majina haihitaji bajeti. Chuo cha kanisa kinaweza kuifuta kesho asubuhi, na kama kuna gharama ya silabusi, iandikwe wazi ndani ya minervali tangu mwanzo wa mwaka, mzazi aione kabla hajauza mbuzi. Hilo ndilo nitakaloliomba katika mkutano wetu ujao.