Simu Ikinyamaza, Usihesabu Kimya Kama Jibu

Tuseme umeuza magunia mawili ya mahindi pale Chwele. Mnunuzi kutoka Kitale anasema ameshatuma pesa. Unatazama simu: hakuna mlio, hakuna arifa. Wengi wetu tungemwambia, "Hazijafika, hebu tuma tena." Akituma tena, na kumbe zile za kwanza ziliingia, ugomvi umeanza.

Maoni yangu ni haya: kimya cha simu si "ndiyo" wala si "hapana". Na wa kwanza kulielewa jambo hilo si wewe mteja. Ni sisi tunaotengeneza huduma za malipo.

Kwa nini simu ya jirani inalia na yako imenyamaza

Hapa Kabuchai kuna watu wa kabambe, kuna wenye Android za miaka tofauti, kuna wachache wenye iPhone. Kila simu ina mfumo endeshi wake, na kila mfumo una masharti yake.

Chukua arifa. Kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka wa 2022, programu mpya unayoiweka kwenye simu haiwezi kukuonyesha arifa mpaka uiruhusu. iPhone nazo huuliza ruhusa hiyo tangu zamani. Lakini kwenye Android za kabla ya hapo, arifa zilikubaliwa tangu mwanzo bila kuuliza. Kwa hivyo ukinunua simu mpya na kubonyeza "usiruhusu" kwa haraka, programu itafanya kazi, pesa zitaingia, ila hutasikia kitu.

Betri nayo ina mambo yake. Tangu Android 6 ya mwaka wa 2015, simu iliyolala muda mrefu bila kuguswa na bila chaja huahirisha kazi za programu ili isimalize moto. Baadhi ya arifa zinaweza kuchelewa. Na kwenye kabambe, ile menyu inayoanza kwa nyota ikikatika katikati, huwezi kujua kwa kutazama skrini tu kama ombi lako lilifika.

Mtihani usiofanywa hauna makosa

Kabla programu haijakufikia, wahandisi huipima kwa skripti za majaribio. Hizi ni programu fupi zinazojifanya mteja: zinaingia, zinatuma shilingi za kujaribia, kisha zinaangalia kama jibu sahihi limerudi.

Shida ni kwamba skripti nyingi huandikwa kwenye kompyuta ya Windows au Mac, halafu huendeshwa kwenye seva ya Linux. Kwa Linux, "Malipo" na "malipo" ni majina mawili tofauti. Windows kwa kawaida huyaona kuwa jina moja, na Mac nyingi pia. Basi skripti inayotafuta majaribio ndani ya folda ya "malipo" inaifungua vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi, ila ikifika kwenye seva haioni chochote. Kama haikuandikwa kwa uangalifu, hailalamiki. Inamaliza haraka na kuandika: "Makosa: 0."

Ni kweli, makosa ni sufuri. Lakini na majaribio yaliyofanywa ni sufuri! Ni kama mwalimu kujisifu kwamba hakuna mwanafunzi aliyeanguka, kumbe mtihani wenyewe haukufanywa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu mshindo humwangukia mtu wa sokoni.

Dawa yake si ngumu. Skripti itaje majaribio mangapi yalitarajiwa na mangapi yamefanyika, kwa kila aina ya simu. Hesabu zisipolingana, isimame na kupiga kelele, programu isitolewe. Jaribio lililorukwa lisihesabiwe kama lililopita. Na mara kwa mara wahandisi waharibu kitu makusudi waone kama skripti itashtuka. Kengele usiyoibonyeza utajuaje kama inalia?

Kuna wanaosema kupima simu za zamani ni gharama, na kwamba wanaozitumia ni wachache. Mimi sikubali. Mwenye simu ya zamani ndiye mara nyingi ana mtaji mdogo. Akituma mara mbili leo, kesho hana cha kununulia vitunguu vya kuuza.

Wewe unaweza kufanya nini

- Angalia salio kabla ya kutuma tena. Fungua huduma yenyewe, tazama salio na muamala wa mwisho. Hapo ndipo ukweli uko.
- Kama ni wewe unayelipwa, tazama salio lako, si meseji kwenye simu ya mwenzako. Kelele nayo inaweza kudanganya, maana matapeli hutuma meseji za uongo zinazofanana na za kweli.
- Kagua ruhusa ya arifa kwenye mipangilio ya simu, hasa ukiwa umebadilisha simu.
- Ukiripoti tatizo, toa maelezo kamili: aina ya simu, toleo la Android au iPhone, saa uliyotuma, na namba ya muamala kama unayo. "Imekataa" peke yake haimsaidii fundi. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Hatua hizi zinakulinda, lakini haziondoi jukumu letu. Kama mfumo haujui pesa zimefika au la, uandike wazi: "Bado tunathibitisha, usitume tena." Hayo ni maneno machache, na yanatosha kuzuia mtu kulipa mara mbili.

Kwa hivyo kampuni yoyote ya malipo ikikuambia programu yake imejaribiwa na haina makosa, uliza swali moja: imejaribiwa mara ngapi kwenye simu kama yangu?