Kukataa si Kuringa

Jioni, kazi zikiisha, mtu akipita katika mitaa ya Ifakara, au kule Kidatu wanakokaa wafanyakazi wa sukari, au Mlimba karibu na stesheni ya reli, hakosi kusikia muziki wa Kihindi ukitoka katika televisheni ya jirani au katika moja ya vile vibanda vya video ambavyo vijana huviita mabanda umiza. Watu wameketi, wakubwa kwa watoto, wanatazama. Kijana mzuri wa sura anamfuata msichana njiani. Msichana anakasirika, anashika njia nyingine. Kijana anamfuata huko huko, anamshika ncha ya mtandio, anaimba. Msichana anamwambia aondoke. Mfasiri anayetia maneno ya Kiswahili juu ya yale ya Kihindi huongeza la kwake: "Anaringa tu huyu!" Watu wanacheka. Na kweli, wimbo wa tatu haujaisha, msichana anatabasamu.

Leo twataka kulisema jambo hili, kwa kuwa wengi wanalihesabu kuwa la kuchekesha tu, na sisi twaona kwamba ni funzo linalorudiwa kila siku mbele ya watoto wetu. Funzo lenyewe ni hili: msichana akikataa, hajakataa, mfuate, mzonge, mwaibishe mbele ya watu, mwisho atakuwa wako.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba hatuzidharau picha za Kihindi. Wazazi wetu walizipenda tangu siku za ukoloni. Picha ya Awaara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957, zilijaza majumba ya sinema, na watu wasiojua neno moja la Kihindi walirudi nyumbani wakiimba nyimbo zake. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Katika picha nyingi za Kizungu watu wawili wakipendana huondoka wakaenda zao. Katika picha za Kihindi kuna baba, kuna mama, kuna wajomba, kuna deni la tajiri, kuna heshima ya ukoo. Hayo ni mambo yetu. Kijana anayetaka kumwoa ampendaye, na mzee aliyekwisha kumchagulia mwingine, ni watu tunaowajua kwa majina.

Lakini tuitazame Awaara hiyo hiyo kwa makini. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe aliye mja mzito, kwa kuwa alitekwa na jambazi na watu wameanza kunong'ona. Picha yote inamlaumu jaji huyu. Inaonyesha jinsi shaka ya mume ilivyomtupa mwanamke asiye na kosa, pamoja na mtoto wake, katika ufukara. Ni funzo kubwa, na lastahili sifa. Walakini yule mtoto, akiisha kuwa kijana, anampiga makofi mpenzi wake Rita, na Rita, badala ya kumwacha, anazidi kumpenda. Hapo picha haimlaumu mtu. Dhuluma ya mzee ilionekana. Ya kijana haikuonekana, maana kijana ndiye shujaa, na kofi la shujaa limehesabiwa kuwa mapenzi.

Kofi hilo limezaa watoto wengi. Mwaka 1993 ilitoka Darr, habari za mtu anayemwandama mwanamke aliyekwisha kuchagua mwingine, akimpigia simu usiku na mchana, hata akachora jina lake kifuani kwa kisu. Mtu huyo anakufa mwisho wa picha, lakini watazamaji wengi walimhurumia yeye zaidi kuliko yule mwanamke aliyekosa usingizi. Mwaka 2013 ikatoka Raanjhanaa, ambamo kijana anamfuata msichana wa shule bila kuchoka, na akikataliwa anajikata mkono ili ahurumiwe. Mwaka 2019 ikatoka Kabir Singh. Humo mwanafunzi wa udaktari anawatangazia wenzake kwamba msichana fulani ni wake, kabla msichana mwenyewe hajafungua kinywa. Picha hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi kabisa India mwaka ule.

Asitokee mtu akadhani kwamba haya ni maneno ya wageni wanaowasema Wahindi. Wahindi wenyewe, hasa wanawake wao, wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya kinyama ya msichana mmoja wa Delhi yaliyoanza kwa kunajisiwa ndani ya basi mwezi Desemba 2012, Bunge la India lilitunga sheria inayofanya kosa la jinai kumwandama mwanamke asiyetaka. Jambo ambalo shujaa wa sinema hulifanya kwa nyimbo, raia akilifanya barabarani hupelekwa mahakamani. Tena mwaka 2015, katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, mlinzi mmoja mwenye asili ya India alikiri kwamba aliwaandama wanawake wawili. Wakili wake alieleza kuwa mteja wake alikulia katika picha hizi, akaamini kuwa mwanamume akimfuata mwanamke kwa muda wa kutosha, mwanamke atampenda. Hakimu alimwachilia kwa sharti la mwenendo mwema kwa miaka 5. Sisi hatusemi kwamba sinema pekee ndiyo iliyomtuma. Twasema kwamba wakili, alipotafuta maneno ya kumtetea, aliyakuta humo yamekwisha kuandaliwa.

Kuna na picha za namna ya pili, ambazo wazee wengi huziona njema. Katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, kijana anakataa kutoroka na msichana. Anataka idhini ya baba yake. Heshima hiyo yapendeza. Lakini tukumbuke jinsi picha inavyokwisha. Garimoshi linaondoka stesheni, baba amemshika binti mkono, binti analia akiomba aachiliwe. Baba anapokubali, ndipo mkono unaachwa, na binti anakimbia kushikwa na mkono mwingine. Hata pale penye furaha kubwa, neno la mwisho halikuwa la msichana.

Sasa tutazame kwetu, maana picha hizi haziangukii mahali patupu. Kila mtu wa bonde la Kilombero anajua desturi ya kilimo chetu. Mvua zikija, wazazi wengi huhama mjini wakaenda kwenye mashamba ya mpunga, mbali, wakakaa katika vibanda na madungu mpaka mavuno. Mtoto anayesoma huachwa nyumbani, au katika chumba cha kupanga karibu na shule, akijipikia mwenyewe. Huko Kidatu nako msimu wa miwa huleta vijana wengi wenye mshahara mkononi na wasio na mzazi wa kuwaangalia. Basi msichana wa kidato cha pili anatoka shule saa kumi. Njiani kuna mtu anayemsubiri. Leo anampa soda, kesho vocha ya simu, keshokutwa anasimamisha pikipiki mbele yake asipate njia. Msichana anasema hapana. Mtu yule haondoki, kwa kuwa amefundishwa kuwa hiyo ni sehemu ya kwanza ya mchezo. Rafiki za msichana, ambao nao wametazama picha hizo hizo, wanamwambia: huyo anakupenda kweli, angekuwa hakupendi angekwisha kuchoka. Na msichana mwenyewe anaanza kujiuliza kama hofu aliyo nayo si ndiyo mapenzi.

Hapo ndipo penye hatari, wala si katika nyimbo. Tangu mwaka 2016 sheria yetu ya elimu humpa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu msichana aliyekatizwa masomo kwa uzazi arudi shuleni. Yote mawili ni mema. Lakini sheria hufika baada ya jambo kutendeka. Kabla yake kuna miezi ya kufuatwa njiani, na katika miezi hiyo majirani hutazama wakacheka, kama walivyocheka katika kibanda.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba hii ni mila yetu; kwamba binti mwenye haya hakubali mara moja, na mwanamume wa kweli hakati tamaa. Twawajibu kwa mila hiyo hiyo. Wazee wetu, mtu alipotaka kuoa, hawakumtuma asimame njiani. Walimtuma mshenga. Mshenga alikwenda nyumbani kwa watu, mchana, akaketi, akaeleza habari, akaondoka. Jibu lilikuja kwa siku yake. Likiwa ni la kukataa, posa ilirudishwa, na aliyekataliwa alikaa kwao akameza uchungu wake. Kuendelea kuzungukazunguka katika mji ule baada ya kujibiwa kulikuwa ni utovu wa adabu, na wazee wa pande zote mbili wangemwonya. Mila ilijua kuuliza, na ilijua kupokea jibu. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi aliyeulizwa alikuwa baba, si binti. Upungufu huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikusudia kuuondoa iliposema kwamba ndoa haifungwi ila kwa hiari ya wote wawili, na ikaongeza, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kofi la Raj Kapoor halina nafasi katika sheria hiyo.

Na sisi wa Chama tusijifanye kwamba mikono yetu ni safi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Wapo vijana waliowaingilia wanawake katika mabasi na mitaa ya Kariakoo, wakawazomea na kuwachania nguo, wakidai kwamba wanalinda heshima ya taifa. Tulipima urefu wa sketi ya msichana. Hatukupima urefu wa mkono wa mwanamume. Kosa hilo tusilirudie kwa jina lingine. Maadili yanayoanza na kumalizikia katika mavazi ya binti hayamgusi yule anayemsubiri njiani.

Kwa hiyo hatutaki picha hizi zipigwe marufuku. Kitu kilichokatazwa hutazamwa kwa siri, na kinachotazamwa kwa siri hakijadiliwi. Twataka mambo manne. Kwanza, wenye vibanda wasiwapokee wanafunzi saa za masomo wala usiku. Hilo viongozi wa mitaa wanaweza kulisimamia wakitaka. Pili, mfasiri afahamu kwamba kibandani yeye ndiye mwalimu. Neno moja analotia yeye, "anaringa tu," lina nguvu kuliko picha yote. Na atie basi neno jingine: "Kaka, umekwisha kuambiwa, nenda zako." Watu watacheka vile vile, lakini watakuwa wamecheka upande ulio sawa. Tatu, wazazi wanaokwenda mashambani wasimwache binti bila mtu mzima wa kumwambia habari zake. Nne, wafanyakazi wazungumze jambo hili katika matawi yao, wanaume kwa wanaume, maana aliyefanya tabia hii asikemewe na mkewe peke yake.

Na kama ni picha, zichaguliwe. India hiyo hiyo imetoa Pink mwaka 2016, ambamo wakili mzee anawatetea wasichana watatu na kuionyesha mahakama kwamba neno la kukataa halihitaji maelezo. Imetoa Thappad mwaka 2020, habari za mke aliyepigwa kofi moja tu mbele za wageni, na ambaye hakukubali kuambiwa kuwa kofi moja si kitu.

Lakini hata hatuna haja ya kungojea picha mpya. Wazee wetu wanaikumbuka Mother India. Radha ni mkulima kama mama zetu wa Kilombero. Amelima katika tope, amezika watoto, amekataa kumuuzia tajiri heshima yake ili apate chakula. Mwanawe Birju ndiye kipenzi chake. Siku Birju anapomteka binti wa yule tajiri aliyewatesa, mama anasimama na bunduki. Binti yule ni wa adui yake. Mtoto ni wake mwenyewe. Mama anampiga risasi mwanawe, kisha anamkumbatia akilia.

Hatumwombi mzazi wala mfanyakazi ye yote ashike bunduki. Twaomba kitu chepesi kuliko hicho: unapomwona mwanao, mdogo wako au mwenzako wa kazini amesimama njiani akimzuilia msichana asiyemtaka, usicheke. Mwite kando umwambie kwamba amekwisha kujibiwa.