HESABU YA TAJIRI

Kila alfajiri katika Dar es Salaam wafanya kazi na watoto wa shule husongamana vituoni Gongo la Mboto, Mbagala na Tegeta wakingoja daladala. Gari lifikapo, wenye nguvu huingia kwa madirishani. Wazee na akina mama wenye mizigo hubaki chini, na mtoto mwenye sare ya shule huzuiwa mlangoni na konda.

Wako wanaosema kwamba ubaya huu ni wa makonda, eti hawana adabu. Sisi hatulikubali neno hilo. Madereva na makonda wengi hawana mshahara wala mkataba. Kila jioni yawapasa wampelekee mwenye gari fedha aliyoikata yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iitwayo hesabu. Mafuta ni juu yao, na kinachosalia ndicho ujira wao. Siku mbaya hakisalii kitu, na kesho yake tajiri aweza kumpa mtu mwingine gari. Basi mwanafunzi, ambaye nauli yake ni pungufu, akikalia kiti huwa ameipunguza riziki ya konda, si ya tajiri. Humo ndimo hutoka kukimbizana barabarani, kukatisha ruti, na kuwashindilia watu kama magunia ya mkaa. Nauli hupangwa na Serikali. Hesabu huipanga tajiri peke yake.

Mji huu umekwisha kuonja njia nyingine. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, mali ya umma. Lakini mabasi yalipungua na watu wakazidi, hata mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na jina likabaki. Mwezi Mei 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake toka Kimara hadi Kivukoni. Tuliyashangilia, na haki yake yalistahili. Lakini yalianza kwa magari 140 tu, na njia njema isiyo na mabasi ya kutosha haimfikishi mtu kazini. Sensa ya 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Daladala haziondoki kesho, kwa hiyo wanaoziendesha lazima watendewe kama wafanya kazi.

Wala hatuombi sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Twataka LATRA isimpe mtu leseni ya kubeba abiria mpaka iwe imeuona mkataba wa dereva na wa konda, na ushahidi kwamba mshahara walipwa kweli. Karatasi ya kuonyesha mezani tu haitufai.

Tena liko jambo la nyumbani kwetu. Wamo wanachama wenzetu wenye daladala mbili tatu. Mkutanoni hupiga makofi sana unyonyaji unapolaaniwa. Jioni hukaa barazani wakipokea hesabu. Ndugu hao tunawajua, nao wanatujua. Katika mkutano ujao wa kila tawi, mwenyekiti na awaulize mmoja mmoja mbele ya wenzao: dereva wako unamlipa shilingi ngapi kwa mwezi, na konda je? Majibu yaandikwe katika kitabu cha tawi.