Ilani ya Wachongaji wa Tabaka Kuhusu Korongo wa Ruma

Sisi wachimba mawe, wachongaji na wapiga msasa wa Tabaka, Kisii, tumeungana leo kwa ajili ya mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kumchonga. Tembo, kifaru, twiga na kiboko tunawachonga kila siku kwa kuwa ndio wanaoagizwa. Korongo haulizwi na mtu.

Huyu ni swala mkubwa, dume lake hukaribia kilo 300. Uso ni mweusi wenye mabaka meupe, pembe zimepinda kurudi nyuma, masikio ni marefu yenye kishungi nchani. Masikio hayo ni mtihani kwa fundi: tupa ikipita mara moja zaidi, jiwe limekatika.

Kenya nzima amebaki Hifadhi ya Taifa ya Ruma tu, katika Bonde la Lambwe, kaunti jirani ya Homa Bay. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15. Miaka ya 1970 walikuwa kama 200. Zamani mbung'o na malale ndivyo vilivyolilinda bonde lile. Mbung'o walipopunguzwa, mashamba yakasogea hadi mpakani mwa hifadhi. Ikaja mitego ya nyaya, ukaja moto kwenye nyasi ndefu ambamo korongo humficha ndama wake. Na fisi naye akazidi kuwapunguza.

Wapo watakaouliza: korongo wa Homa Bay anawahusu nini Wakisii? Tumelipa karo za watoto kwa sura za wanyama ambao hatukuwalisha wala kuwachunga. Deni hilo linatutosha.

Na wasituambie muda umepita. Huko Marekani, kicheche mwenye miguu myeusi alidhaniwa ametoweka hadi 1981. Kufikia 1987 walibaki 18, wote wakakamatwa na kuzalishwa vizimbani, na tangu 1991 wanarudishwa nyikani. Lakini kuhamisha peke yake hakutoshi: korongo waliopelekwa Shimba Hills waliisha wote.

Kwa hiyo tunaitaka KWS, taasisi ya serikali ya wanyamapori, idumishe ile hifadhi maalumu yenye uzio ndani ya Ruma, izungumze na Tanzania, ambako korongo wangalipo Ruaha na Katavi, ili damu mpya ipatikane, kisha itangaze hadharani ni lini wanyama wataachiwa nje ya uzio. Masai Mara nako walikuwepo. Tunataka warudi huko pia.

Sisi wenyewe tutatenga sehemu ya bei ya kila kinyago cha korongo, iende kwa vijana wa vijiji vinavyopakana na Ruma wanaotoa mitego. Hatutaki fedha hizo ziishie kwenye semina.

Nanyi madalali mnaokuja na oda zenu kutoka Nairobi na Mombasa, ongezeni korongo kwenye orodha. Bei tutaelewana, ila fungu la Ruma halipunguzwi.